Nani Alimwosha Yusufu

Ijumaa, tarehe 3 mwezi wa saba, mwaka 1998, baada ya sala ya mchana, muuza chumvi mmoja kutoka Muyinga alisimama mlangoni pa kibanda changu cha cherehani hapa Gitega, akaniambia kwamba mdogo wangu Yusufu amekufa. Ukuta wa shimo la dhahabu ulimwangukia kule Butihinda, na alikuwa ameshazikwa siku tisa zilizopita. Nilikuwa nashona suruali ya mtu. Nilimalizia ule mshono, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, halafu nikafunga kibanda nikaenda kumwambia mama.

Wengi wenu mmeniuliza ile safari ilikuwaje, na mnajua mimi si msemaji. Shangazi yangu Mwamini ameshawasimulia kwa namna yake, na kwa namna yake tulikutana na chui. Hatukukutana na chui. Ndiyo sababu nimeandika.

Mama hakulia. Aliuliza mambo mawili: nani alimwosha, na alilazwa akielekea wapi. Muuza chumvi hakujua. Wachimbaji wa kule karibu wote ni Wakristo, akasema, na vita vimefunga njia, hakuna shehe aliyefika.

"Basi hajafa," mama akasema, akarudi kuchambua maharagi.

Watu walioleta mikeka ya matanga aliwarudisha pamoja na mikeka yao. Alikataa kisomo. Usiku aliacha mlango bila komeo. Mlango wenyewe aliutengeneza Yusufu, na mpaka leo haufungi vizuri kwa sababu umepinda. Yusufu alikuwa hivyo. Hata kwenye mkeka wa sala, ukimwelekeza kibla, anaanza sawasawa, na kabla hujapepesa jicho ameshaelekea kushoto. Tulipokuwa wadogo, kabla hatujaanza kusali, mama alikuwa anapita nyuma yetu na kumsukuma bega la kushoto kwa vidole viwili. Kila siku, miaka yote hiyo.

Siku ya tatu mama aliniambia: "Nenda ukaulize."

Gitega hadi daraja la Ruvubu

Wakati ule wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia biashara, petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa, kama dawa ya kikohozi, na magari yalikuwa yanaondoka kwa msafara yakiondoka. Wiki mbili hakuna lililoondoka. Kwa hiyo tulikwenda kwa miguu.

Nasema tulikwenda, kwa sababu shangazi Mwamini alikuja. Yeye ni dada wa marehemu baba, ana miaka sitini na kitu, na anauza sambusa karibu na soko.

"We Hamisi," alisema, "ukifika kule utakaa kimya, watakupa chai, utasema asante, utarudi. Mi naenda kuuliza. We utabeba mihogo."

Nilibeba mihogo. Mkasi wangu mkubwa niliutia mfukoni mwa koti, maana fundi akiacha mkasi nyumbani, akirudi anakuta umekatia mabati. Shangazi alibeba kichwani birika lake la chuma, limezungushiwa kitenge, kwa sababu hatawadhi kwa chombo cha mtu asiyemjua. Mdomo wa birika ulikuwa umetokeza mbele.

Kwenye kizuizi cha kwanza cha askari, mmoja alituona kwa mbali akapiga kelele tusimame. Mimi nilisimama, nikaweka mihogo chini, nikainua mikono. Shangazi aliendelea kutembea.

"We mukecuru! We bibi! Hiyo kitu iko na mudomo ni nini?"

"Ni birika."

"Birika inafungwa hivyo?"

"Iko na baridi."

Askari wote walinyanyuka. Shangazi akaweka mkono kiunoni. "Mutoto wangu, kama ingekuwa bunduki, mi ningebeba juu ya kichwa, watu wote waone? We ungebeba hivyo?"

Yule askari alifikiri. Niliona kwamba anafikiri kweli. Mkubwa wao alikuja, akafungua kitenge, akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na mayai sita ya kuchemsha. Aliyatazama moja moja.

"Na chumvi?" aliuliza.

Shangazi alimpa yai na chumvi, akamwambia asile amesimama. Alikaa chini. Mimi bado nilikuwa nimeinua mikono. Hakuna aliyekumbuka kuniambia niishushe.

Darajani walikuwa wanavusha watu kwa makundi, na kundi letu lilivushwa kesho yake. Tulilala kando ya barabara na watu wengine wengi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anarudi kwao alitugawia viazi vitamu vya kuchoma. Alikuwa amepoteza watu watatu.  Tulikula tukitazama maji.

Karuzi, na kuku aliyebaki

Ng'ambo ya mto vilima vilikuwa vitupu. Watu wengi walikuwa wamehamishiwa kambini, migomba imebaki peke yake, ndizi zinaiva hakuna wa kukata. Tulitembea kimya. Hata shangazi alitembea kimya, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia.

Jioni karibu na Karuzi, mwanamke mmoja alitukaribisha nyumbani kwake. Alipoona kofia yangu alifurahi, akakimbia nje, akarudi na kuku na kisu, akaniwekea vyote mbele. Kule watu wanajua kwamba Muislamu hali nyama aliyochinja asiye Muislamu, kwa hiyo adabu ni kumpa mgeni mnyama akiwa hai. Adabu ile ilinikuta vibaya. Mimi sijawahi kuchinja hata panya. Nyumbani Yusufu ndiye aliyekuwa anachinja, halafu baada yake jirani.

Nilimshika kuku. Kuku alinitazama. Nilijaribu kukumbuka ashikwe vipi, nikamgeuza upande mmoja, halafu mwingine, kama ninayempima koti.

"Umesahau?" aliuliza mama mwenye nyumba, kwa upole.

"Hajawahi kujua," shangazi akasema.

Ningeweza kusema nimefunga. Nilifikiri kusema hivyo. Lakini nilimwambia ukweli, kwamba naogopa. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema tangu vita vianze hajamsikia mwanamume akikubali kuogopa kitu, na aliyetangulia kukubali anaogopa kuku. Tulikula maharagi na bugali. Asubuhi yule kuku alitusindikiza mpaka njiani.

Gasorwe, ambako hatukuwa tunakwenda

Kutoka Karuzi kwenda Muyinga iko barabara, lakini tuliambiwa tusipite barabarani, tupite milimani. Milimani hakuna vibao, kuna watu tu, na kila mtu ukimwuliza anainua kidevu na kusema ni hapo. Hapo ni vilima viwili, bonde lenye mafunjo, na kilima kingine.

Shangazi alimpata mwanamume mmoja mwenye fimbo na mbuzi wanne, aliyesema, "Mama, munifuate tu." Tulimfuata siku nzima. Alikuwa mwema sana. Alituvusha bonde kwa njia aliyoijua yeye, alituonyesha maji safi, na kila tulipopumzika alimvuta mbuzi mmoja karibu na shangazi, akamsifu.

"Hii iko na nguvu. Tazama meno."

"Mazuri," shangazi akasema.

"Na hii ni mama ya mapacha."

"Mungu ambariki."

Saa tisa tulitokea kwenye soko lililojaa watu. Ilikuwa Gasorwe, ambako siko kabisa. Yule bwana alisimamisha mbuzi wake mstari, akamgeukia shangazi: "Bon, mama. Unachukua yote nne?"

Ndipo tulipoelewa. Kwa siku nzima alikuwa anatupeleka sokoni kununua mbuzi wake. Alimwona shangazi ana kitenge kipya, ana mtu wa kumbebea mzigo, akajua huyu ni mchuuzi mkubwa kutoka mjini. Mtu wa kubeba mzigo ndiye mimi.

"Mi nilikuambia naenda Muyinga!" shangazi akalia.

"Ndiyo, nilijua utawapeleka Muyinga!"

Walibishana mpaka soko lote likasimama kusikiliza. Mimi niliona huyu mtu amepoteza siku yake kwa ajili yetu, na koti lake limepasuka begani. Nilitoa sindano na mkasi nikalishona palepale, akiwa amelivaa, huku yeye na shangazi wanaendelea kutukanana juu ya kichwa changu. Nilipomaliza, alijigusa bega, akanyamaza, akatuonyesha njia ya Muyinga. Safari hii aliinua kidevu na pia mkono.

Muyinga mjini

Tulifika siku ya tano, vumbi mpaka kwenye kope. Muuza chumvi alikuwa ametuelekeza kwa Muhindi mmoja mwenye duka la vitenge na sufuria, Bwana Akbarali, ambaye Yusufu alikuwa anapita kwake kila akishuka mjini. Rafu zake zilikuwa nusu tupu kwa ajili ya ambargo. Alikuwa amezipanga sufuria mojamoja, mbalimbali, ili zionekane nyingi.

Alipotusikia, alitoka nyuma ya meza akanishika mikono yote miwili.

"Inna lillahi. Kijana yule alinunua kwangu kamba na sabuni, na kila akija alinisimulia hadithi nzima ndipo anunue. Mimi nilikuwa napika chai kabisa nikimwona anavuka barabara."

Alituuliza tunakwenda kutafuta nini. Shangazi akamweleza maswali mawili ya mama. Akbarali aliingia chumba cha ndani, akakaa sana, akarudi na mkeka wa sala aliopewa na mjomba wake aliyetoka Makka. Katikati ya mkeka ilikuwa imeshonewa dira ndogo, kama saa.

"Sindano ikitulia, ndiyo kaskazini. Kibla chetu huku ni kulia kwake kidogo tu, hapa, nimetia alama. Ukifika, utajua. Lakini sikiliza, fundi: usiubishie. Utakachoonyeshwa ndicho."

Nilimwahidi. Nilimtengenezea pindo la kanzu yake lililofumuka, na huo mkeka nikaukunja polepole, kama ninayeshika yai.

Butihinda, kwenye milima ya mashimo

Kutoka Muyinga mpaka Butihinda tulitembea tangu alfajiri. Zamani Wabelgiji walikuja huko kutafuta dhahabu. Walichimba mitaro na mashimo juu ya vilima vyote, kisha wakaondoka, na mashimo hawakuyafukia. Nyasi zimeota mpaka midomoni. Watu wa huko wanayajua yote. Mimi nililijua moja, kwa kuliingia.

Halikuwa refu sana. Lilikuwa linanipita kichwa kidogo, na chini kulikuwa na matope laini. Nilisikia sauti ya shangazi juu.

"Hamisi! Dira iko mzima?"

"Nzima."

"Na we?"

Alinishushia kitenge. Kilichanika. Akaanza kuita watu, akiita kwa Kiswahili, Kirundi, na maneno ambayo si ya lugha yoyote. Uso wa mwanamume ukatokea juu yangu, umejaa udongo mpaka nyusi. Alinitazama bila haraka.

"Wageni wote wanaanzia hapa," akasema. "Hii shimo tunaiita Karibu."

Alinivuta kwa kamba. Jina lake Merikiyoro, kiongozi wa wachimbaji kumi wanaoosha mchanga kwenye kijito kilicho chini ya kile kilima. Nilipomwambia mimi ni kaka wa Yusufu, alinitazama juu hadi chini.

"We? Wapi! Yusufu alikuwa anaongea mpaka tunamuomba akunywe maji tupumzike. We hauongei hata kwa shimo."

"Huyu iko hivyo tangu kuzaliwa!" shangazi akasema. "Mi ndiye shangazi yao!"

"We nakuamini," Merikiyoro akasema. "We uko ndugu yake kabisa."

Wale wachimbaji wana sharti lao: mwanamke hashuki kwenye maji ya dhahabu. Shangazi aliombwa abaki juu, penye ukingo. Alikubali kwa sababu kule juu sauti inafika vizuri. Mimi nilishushwa mpaka kibanda cha Yusufu, Merikiyoro akasema tutaongea wakitoka kazini, kama kweli mimi ni mimi. Halafu akarudi mtoni.

Nilikaa ndani. Kulikuwa na kitanda cha miti, kofia yake, na nguzo ya katikati iliyopinda. Nilishika ile kofia. Sijui nilikaa muda gani.

"Hamisi!" sauti kutoka juu. "Pika chai! Nakufa!"

Birika alikuwa amenipa nishuke nalo, lakini kiberiti hatukuwa nacho. Kwenye nguzo kulikuwa na kisanduku cha kiberiti kimening'inizwa kwa uzi. Nilikifungua: vijiti kumi, vimepangwa sawasawa. Nikashukuru. Cha kwanza kilizimwa na upepo. Cha pili kilivunjika. Vitatu vilikuwa na unyevu. Kwa ufupi nilitumia tisa, na moto ukawaka. Cha kumi nilijisafishia sikio, kisha nikakichomeka juu ya sikio, kama ninavyoweka chaki kazini.

Chai ilipoiva walikuwa wanapanda kutoka mtoni. Merikiyoro aliingia, akanyoosha mkono kwenye nguzo bila kutazama, kama mtu anayeshika mlango wa nyumbani kwake. Mkono ukashika hewa.

"Nani ameshika kiberiti ya Yusufu?"

Walikuwa kumi pamoja naye, wamejaa mlangoni. 

"Ni mimi," nikasema. "Nimewashia moto. Chai ipo."

Nimewahi kupasua kitambaa cha harusi cha mtu, na hata siku ile sikutazamwa namna ile. Mmoja alikaa chini akashika kichwa.

Merikiyoro ndiye aliyenieleza. Kule dhahabu inapimwa kwa vijiti vya kiberiti. Wana mizani ndogo ya vifuniko viwili vya soda na uzi. Unaweka vijiti upande huu na vumbi la dhahabu upande ule. Lakini vijiti havilingani, na kila mnunuzi anakuja na vyake, vinene kama kidole. Walikuwa wanapigana kila wiki. Yusufu alipofika alinunua visanduku vingi, akakaa siku mbili akilinganisha kijiti na kijiti, akachagua kumi vilivyo sawa, akavitundika nguzoni, mahali ambapo kila mtu anaviona. Tangu siku hiyo, mtu akija kununua anapima kwa vile au anaondoka. Na mnunuzi alikuwa anakuja kesho.

"Munanunua kingine!" shangazi akapiga kelele kutoka juu.

"Mama, si kiberiti!" Merikiyoro akamjibu kwa kelele. "Ni mizani!"

"Sasa mbona inawaka?"

Nilitamani shimo lile. Halafu nikakumbuka.

"Kimoja kipo," nikasema, nikakitoa juu ya sikio. Mioyo yao iliruka, niliona. Na ningeweza kunyamaza hapo. "Lakini nimekitumia sikioni."

Ukazuka ubishi ambao sitausahau. Mmoja alisema uchafu wa sikio umekiongezea uzito, kitawaibia wachimbaji. Mwingine akauliza, je, kama nilikisugua kikapungua? Basi kitamuibia mnunuzi, na kuna ubaya gani? "Yusufu hangekubali," mwingine akasema, na hilo likamaliza maneno. Waliamua kukiosha. Walikiosha ndani ya karai la kuoshea dhahabu, mara tatu, polepole, wakakiweka juu ya jiwe lenye jua, na wanaume kumi na mmoja tukachuchumaa kukizunguka, tukingoja kikauke. Shangazi aliuliza kutoka juu nani ameanguka tena.

Kilipokauka nilitoa mkasi. Nilipasua mwanzi mkavu, nikakata vipande, nikaviparura kimoja kimoja na kukipima na kile cha Yusufu kwenye vile vifuniko. Nikizidisha, natupa. Nikipunguza, natupa. Kazi hiyo naijua. Ni kama kupata vifungo vya kufanana katika debe la vifungo. Nilifunga jicho la kushoto nitazame uzi wa mizani kama umetulia. 

"Hivyo hivyo," Merikiyoro akasema. "Alikuwa anafunga hilo hilo jicho. Ni kaka yake."

Nilikamilisha tisa jua likiwa limeshaelekea mlima. Walivitia ndani ya kisanduku pamoja na kile kimoja, wakakirudisha nguzoni. Ndipo chai ikanywewa, imeshapoa.

"Muulize!" shangazi aliita. "Hamisi, usinywe tu! Muulize nani alimwosha!"

Sikuhitaji kuuliza. Merikiyoro alisimama, akaweka mikono mdomoni, akajibu kuelekea juu.

"Ni mi, mama!"

"We ni Muislamu?"

"Hapana! Mukatoliki!"

"Sasa ulijua namna gani?"

"Nilimuona akinawa! Kila siku, miaka tatu! Mikono, kinywa, pua, uso, mikono mpaka hapa, kichwa, masikio, miguu! Nilifanya vile vile, halafu mwili yote!"

"Mara ngapi?"

"Tatu! Yeye alikuwa anafanya tatu!"

"Na sanda?"

"Shuka mpya! Nilitoa mi!"

 Nilijua shangazi analia, kwa sababu hakuuliza kitu kingine.

Merikiyoro alikaa karibu nami, akapunguza sauti. "Iko kitu nyingine. Naona haya. Tulimwagia maji na karai mpya. Ile maji ya mwisho ilibaki kidogo ndani, na mikono yangu... we unajua, miaka kumi na mbili naosha mchanga. Nikaanza kuizungusha. Sikufikiri. Wenzangu wakanipigia kelele. Nikatazama chini ya karai, iko kapunje kamoja ya dhahabu. Ilitoka kwa nywele yake."

"Mlifanya nini?"

"Tuliifunga ndani ya shuka pamoja na yeye. Ni yake."

Lile karai lilikuwa limetundikwa nje ya kibanda. Tangu siku ile hawajaoshea mchanga ndani yake.

Asubuhi kwenye kaburi

Kaburi liko juu, kwa hiyo shangazi alikuja. Wamelizungushia mawe meupe kutoka mtoni. Tulisoma Fatiha. Halafu nikatandaza mkeka wa Akbarali kando yake, sote tukainama kutazama dira.

Sindano ilitulia, na kwa alama ya Akbarali Yusufu alikuwa ameelekezwa vibaya, vibaya sana, upande wa kushoto.

"Dira imekufa," shangazi akasema.

"Tulimuelekeza pale alikuwa anasali," Merikiyoro akasema, ameshtuka. "Ule jiwe ng'ambo. Kila siku, ule jiwe!"

Nilimwomba shangazi asogeze birika, maana chuma kinavuta sindano. Akalipeleka mbali, akinung'unika. Sindano ikarudi kidogo. Bado. Nikakumbuka mkasi ulio mfukoni mwangu, nikautoa, Merikiyoro akaenda kuuweka juu ya jiwe. Sindano ikarudi tena, ikatetemeka, ikatulia. Tulingoja. Shangazi akavua hata pini za kilemba. Haikusogea tena.

Alikuwa amepinda. Si sana. Kama mtu aliyesimama sawasawa halafu akageuka kidogo kushoto.

"Ni kidogo," shangazi akasema. "Mama yako tutamwambia ni sawa."

"Nitamwambia ilivyo."

"Hamisi, yule mwanamke hajalia bado! Ukimwambia mutoto wake analala upande, atasema hajafa mpaka siku ya kiyama!"

"Nitamwambia ilivyo, shangazi."

Tulipata lori la maharagi kutoka Muyinga, lililokuwa kwenye msafara, na tukarudi kwa siku moja njia tuliyoitembea siku tano. Shangazi hakunisemesha njia yote. Mkeka nilimrudishia Akbarali tulipopita kwake. Aliuliza kwa macho tu, nikamwonyesha kwa kiganja: hivi, kushoto kidogo. 

Nyumbani

Mama alikuwa mlangoni, anachambua maharagi. Nilikaa chini mbele yake. Shangazi alisimama nyuma yangu, birika mkononi.

Nilimweleza yote kwa taratibu. Merikiyoro, kuosha mara tatu, shuka, punje ya dhahabu. Mama alisikiliza, vidole vikiendelea kuchambua. Alipofika kwenye swali la pili vidole vilisimama.

"Na alilazwa akielekea wapi?"

"Kibla, mama. Lakini amepinda. Tuliondoa birika, tukaondoa na mkasi, bado. Walimwelekeza pale alipokuwa anasali mwenyewe."

"Amepinda upande gani?"

"Kushoto. Kidogo."

  Mama aliinua mkono wa kulia, akausogeza mbele hewani, vidole viwili, kidogo tu, mahali ambapo pangekuwa bega la mtoto.

"Basi ni yeye," akasema.

Ungo ulimwanguka mapajani, maharagi yakatawanyika mpaka kwenye kizingiti. Shangazi aliweka birika chini akamshika. Walikaa hivyo hapo sakafuni, mimi nikiokota maharagi kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, mpaka mama aliposema kutoka begani kwa shangazi:

"Acha hayo, Hamisi. Nenda kawaambie walete mikeka."

Nikatoka kwenda kuwaambia.